Nafasi Nilizowaachia Watoto

Ilianza leo Alhamisi, saa sita na dakika arobaini mchana, mu biro ya Papa Disipline. Ninaandika saa kwanza juu mama anasemaga kitu kikikushtua, ushike saa yake, vingine vitakuja vyenyewe. Sasa ni saa nane na nusu, nimekaa kwa ngazi ya nyumba yetu ya mbao, ninaandika haraka. Daftari, univumilie maandishi.

Papa Disipline alifungua sanduku yake ya chuma, akatoa telefone ya mama, ile ya kioo kilichopasuka, akaiweka juu ya meza, akaisukuma na kidole kimoja mpaka mbele yangu.

"Chukua. Kesho uko na somo."

Nilibaki nimesimama. Papa Disipline harudishagi telefone mbele ya mwisho wa trimestri, na bado wiki nne. Tena harudishii mwanafunzi, anarudishia muzazi, na muzazi anasaini. Siku moja mukubwa mumoja alikuja mu gari ya vioo vyeusi kuomba ya mutoto wake. Papa Disipline alimwonyesha ukuta: "Papa, kalenda ile pale. Kusoma unajua." Ile gari ilirudi bila telefone.

"Papa, muzazi hajakuja," nilisema. Sauti ilitoka sawa ya mutu amemeza unga.

"Nimeona. Toka."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuangalia njia, chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, ilinipita karibu inivunje kiwiko, mwenye kuisukuma akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nilipofika nilifungua telefone. Nilikuwa nimeacha ndani sauti kumi na mbili za kurekodi, zote zangu. Nilikuta kumi na tatu. Nikafinya ile ya mwisho, na niliposikia ni nani, nikaizima haraka na kuangalia nyuma yangu.

Mbele ya kuandika alisema nini, niandike kwanza huyu muzee ni mutu gani. La sivyo kesho nikisoma tena, mimi mwenyewe nitasema nilidanganya.

Kwa masomo yetu, shule yetu hapa mtaa wa Murara, yeye ni direkteri wa disipline, mwenye kuchunga nidhamu, na jina yake ninaijua, sitaiandika. Anafika wa kwanza, anatoka wa mwisho. Koti rangi ya chai ya maziwa, firimbi imefungwa na kamba ya kiatu, na mu mufuko wa kushoto kipande cha sponji ya godoro. Hapa kwetu vumbi ni nyeusi na mawe ya volkano yanakula viatu, kila mutu amezoea. Yeye hapana. Anasimama kwa mulango, anapangusa kiatu cha kulia, anapangusa cha kushoto, ndiyo anaingia. Mwaka jana alileta godoro nzima ya zamani, akaikata vipande, akagawia kila darasa. "Volkano ilifika hapa mbele yenu," alisema, "lakini yenyewe haikusoma."

Anaamka saa kumi na moja na anaoga maji baridi. Hii tunaijua juu anaisema kila Jumatatu nyuma ya wimbo wa bendera. Sukari aliiacha mwaka mumoja nzima juu alijikuta anaifikiri wakati wa misa. "Mwili ni mutoto," anasemaga. "Ukimuuliza kila asubuhi anataka nini, utalea mufalme." Hapigi mutu. Azabu yake ni ukuta: ule ukuta wa mawe ya volkano unaotoka kwa mulango mukubwa mpaka kwa vyoo. Unahesabu jiwe kwa jiwe, na mudomo, na sauti. Ukikosa, unarudi kwa jiwe la kwanza. Hakuna mutu alishamaliza, juu mawe hayana mupaka mzuri, moja inaingia mu ingine.

Furaha, mwenye tunakaa naye benchi moja, ndiye alituletea habari tusiyoielewa. Wakati wa likizo ya Pasaka alikuja kuchukua buletini ya pointi ya mudogo wake, akamukuta Papa Disipline peke yake mu kiwanja.

"Alikuwa anahesabu ukuta," alituambia. "Na kidole. Na mudomo."

"Anahakikisha hatukuiba mawe," mwingine akasema.

"Nawaambia alikuwa anatoka jasho. Na kulikuwa baridi."

Tulicheka sana. Hata mimi. Sasa ninaona haya kuandika kama nilicheka.

Juu ya telefone, ana maneno mingi. Yake mwenyewe ni ya tochi, ya kupiga na kupokea tu. Zetu zinalala mu sanduku, kila moja imefungwa mu karatasi na jina. Lakini kitu wazazi wanashangaa ni hiki: telefone ikitoka pale inatoka safi, imepanguswa, batri imejaa. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, anazitoa zote, anazipanga juu ya meza sawa wagonjwa, anazichaji na pano yake ya jua. Shimo ya chaji ikiziba anaisafisha na sindano. Furaha alimuuliza juu ya nini anachunga vizuri kitu anachukia. "Nani alikuambia naichukia? Telefone haina kosa. Imekaa pale, inangoja mupumbavu aichukue."

Mwaka huu kuna kijana wa darasa ya sita aliomba mashine ya mu telefone imuandikie insha, "Asubuhi katika mtaa wetu", akaipeleka vile ilitoka. Papa Disipline aliisoma mbele ya mustari wa asubuhi, pole pole, na heshima. Ilipofika mahali theluji ilikuwa imefunika paa za mtaa, akashusha karatasi.

"Mwana wangu, unakaa wapi?"

"Murara, Papa."

"Twende unionyeshe."

Wakatoka kweli. Walizunguka mtaa mpaka rekreasyo, saa ya kupumzika, yule kijana mbele, Papa Disipline nyuma na karatasi, anauliza wamama wenye kuuza ndizi kama waliona theluji asubuhi. Mumoja akamujibu kama iliisha jana, arudi kesho mapema.

Wakubwa nao, wale wa picha na wa mikutano, hawamutishi. Wakati wa kampanye walikuwa wanagawa mashati yenye sura zao, na sisi tunazivaa kwa mazoezi ya mwili juu ni za bure. Sheria yake: inavaliwa kinyume, ndani iwe nje. "Uso wa mukubwa ukae kwa tumbo yako, akupashe moto. Hiyo peke ndiyo atakufanyia." Siku ingine aliuliza kwa mustari nani ni mutu mukubwa. Wakataja wachezaji, waimbaji, mudada mumoja mwenye kucheka mu video na watu wengi sana wanamufuata.

"Anajua jina yako?"

"Hapana, Papa."

"Basi ule ni mutu wa mbali. Usiseme mukubwa."

Yeye anajua majina yetu wote, yale matatu matatu. Lakini usifikiri hana udhaifu. Siku mwimbaji mumoja alipita na magari yake barabarani, darasa yetu ilitoka mbio mpaka kwa mulango, na pale mulangoni, mbele ya wote, shingo nje, tulimukuta yeye. Alituangalia. Akatoa kalamu. "Nilikuja kuandika nani anatoka," alisema, na tukahesabu mawe wote mpaka saa sita.

Sasa nifike kwa kitu kinaniuma.

Ile wiki ya mwezi wa kwanza, wakati walipigana mu muji, mimi na mama tulilala chini ya kitanda siku ine. Tangu pale, sauti yangu inafunga. Na mama ninaongea, na Furaha pia. Lakini watu wakipita watatu, shingo inakaza sawa mutu anaifunga na kamba. Nilikuwa mutoto wa haya tangu zamani, lakini haya ni kitu kingine, hii ni sawa mulango. Masomo yalipofunguliwa tena, mama mumoja wa shirika ya Himbi alikuja kutuketisha mu muviringo, tuchore, tuseme kila mumoja anasikia nini ndani. Papa Disipline alisimama kwa mulango na firimbi yake.

"Stresi," alisema yule mama alipotoka. "Zamani iliitwa woga, na mutu alikuwa anaificha vizuri. Kichwa ni nyumba yako. Fagia."

Wiki moja ikapita, zamu yangu ikafika ya kusoma neno ya asubuhi. Nilipanda kwa jiwe la kusemea, nikafungua karatasi, na hakuna kitu kilitoka. Masomo yote ikingoja. Yeye akasema, na firimbi mu mukono: "Sauti haikupotea. Imekaa chini tu, juu ya uvivu." Walicheka. Nilishuka. Ile siku nilimuchukia, daftari, niliandika hapa kwako na nikapasua ukurasa.

Na mimi ninasoma pedagojia, mwaka wa tano. Wanatufundisha kufundisha. Kesho Ijumaa saa mbili na nusu nitasimama mbele ya watoto wa darasa ya kwanza, mbele ya Madame wa didaktiki, mwenye kutufundisha njia za kufundisha, na walimu wawili wenye kuandika pointi, nifundishe somo ya masikio. Nikifunga mudomo, nimepoteza mwaka, na mwaka ukipotea mama amesema sina mwaka mwingine wa kurudilia, nitakaa naye sokoni. Ndiyo sababu nilichukua telefone yake. Nilikuwa ninajificha nyuma ya vyoo wakati wa rekreasyo, ninarekodi somo nzima, halafu ninajisikiliza kama sauti ya mwalimu inatoka. Madame alitufundisha: swali bila nafasi ya jibu si swali. Basi mimi niliwaachia watoto nafasi. "Habari ya asubuhi, watoto?" Ninahesabu moja mpaka ine mu roho. "Mukae chini. Masikio ni ngapi?" Moja mpaka ine. Nilirekodi mara kumi na mbili hivyo, na watoto hewa.

Kwa ya kumi na mbili, Papa Disipline alinikuta. Hakupiga hata firimbi. Alinyosha mukono tu. Ni wiki tano sasa.

Ile telefone haifungwi na alama ya siri, kioo kimekufa upande. Alikuwa anaichaji kila posho. Alifungua.

Sasa ninaandika sauti ya kumi na tatu, vile iko. Nimeisikiliza mara tatu, kichwa chini ya kitenge.

Kwanza karatasi inalia. Kumbe aliandika maswali yangu yote. Halafu yeye, sauti ya chini, si ile ya mustari, na Madame anayemutaja ni mimi:

"Madame anauliza: habari ya asubuhi, watoto?"

Kiti kinasogea. Alisimama, ninaapa, unasikia alisimama.

"Nzuri, Madame."

Kiti tena.

"Madame anauliza: masikio ni ngapi?"

"Masikio ni mbili, Madame."

Muzee wa nywele nyeupe. Anajibu jibu nzima, vile watoto wanafundishwa. Hapo karibu nicheke.

"Madame anauliza: tunasikia nini kwa masikio?"

Nafasi. Yangu ilikuwa ine. Yake nilihesabu ikapita kumi. Kwa fishi yangu, ile karatasi ya kupanga somo, majibu ya kungojea ni ndege, mvua, mama.

"Mimi, Madame. Bomu, Madame."

Halafu tena, bila swali, na haraka sasa:

"Ile ya kwanza ilianguka karibu na kwetu, asubuhi, muke wangu alikuwa kwa mulango na maji ya chai. Mimi nilikimbia nyuma ya jiko. Mimi peke yangu, Madame. Nilimuacha pale amesimama. Hakuumia. Lakini aliniona vile nilikimbia. Mwili haikuniomba ruhusa. Miaka yote ile maji baridi, na haikuniomba hata ruhusa. Sasa ninaisikiaga hata kama haiko. Ikikuja, ninahesabu mawe, inapita. Hii sikumwambia mutu. Nilisema kwa mustari sauti yako imekaa chini juu ya uvivu. Haikuwa uvivu. Madame anisamehe."

Karatasi. Basi, imeisha.

Sijui nimekasirika ao nini. Alisikiliza vitu vyangu. Nyuma ya vyoo mahali nilikuwa ninapumua, kumbe alikaa ndani wiki tano. Na tena ndiye mutoto peke yake alishanijibu.

Saa kumi na moja. Mama alinituma maji, nimerudi, ninaandika tena.

Papa Disipline alikuwa kwa robine, kwa bomba ya maji ya mtaa. Mu mustari wa bidoni za manjano, na sandali, bila koti. Sijawahi kuona miguu yake. Ningerudi nyuma lakini bidoni yangu ilikuwa imeshapangwa nyuma ya yake, mama mumoja alinisaidia bila kuuliza.

"Jambo, Papa."

"Jambo. Chaji iko?"

"Iko."

Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Tulisogeza bidoni mara mbili.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Mutu akifungua kitu cha mwingine, masomo yetu inamupa azabu gani?"

Nilifikiri ananijaribu. "Kuhesabu ukuta, Papa."

"Nimehesabu. Posho tatu. Ya mwisho nilifika kwa vyoo."

"Ni mawe ngapi?"

Aliniangalia kama ninamuchokoza, na labda nilikuwa ninamuchokoza, sijui nilitoa wapi ile nguvu. "Hiyo sitakuambia. Mutapata kukopia."

Zamu yake ilifika. Aliinama, akaweka bidoni chini ya robine. Nikasema kwa mugongo wake, juu kwa uso nisingeweza:

"Papa, niifute?"

"Telefone si yangu."

"Sauti ni yako."

Bidoni ilijaa. Alifunga kifuniko, akakipangusa na kipande cha sponji, kile kile.

"Nafasi zako ni fupi," alisema. "Ine haitoshi. Nilifundisha wadogo miaka kumi mbele ya hii firimbi. Mutoto anafikiri pole. Na kama hakuna anajibu, Madame asiogope. Ajibu yeye wa kwanza."

Akabeba maji yake akaenda. Mama yule nyuma yangu akaniuliza: "Ni papa yako?" Nikasema hapana, ni wa masomo.

Ijumaa. Nimerudi kutoka masomo, ninaandika ya asubuhi.

Niliamka saa kumi na mbili, niliosha uso na maji baridi, bila kukusudia, makaa ya jiko yalikuwa yameisha. Mbele ya kuvaa iniforme nilisikiliza ya kumi na tatu mara moja ya mwisho, nikaifuta. Zangu kumi na mbili nilizifuta vile vile, juu isingekuwa vizuri yake iende peke yake. Nilirudisha telefone kwa mama. Kwa mustari alisimama sawa kila siku, koti, firimbi, akatuambia mwili ni mutoto. Macho yake yalinipita kama hanijui. Na mimi yangu niliyapitisha vile vile.

Saa mbili na nusu niliingia. Walimu watatu nyuma na kalamu zao. Watoto wamebanana ine ine kwa benchi, viatu vimepanguswa. Habari ya asubuhi, ilitoka, ndogo. Wakajibu kwa nguvu mpaka nikashtuka. Masikio ni ngapi, ilitoka. Halafu nikauliza tunasikia nini kwa masikio.

Hakuna aliyejibu. Waliangalia wale walimu wa nyuma. Nilihesabu ine, nikahesabu kumi. Ile kamba ikaanza kukaza, niliisikia inapanda. Madame wa didaktiki alikuwa ameinua kalamu.

"Mimi," nilisema, "ninasikiaga bomu. Hata kama haiko."

Mikono ikainuka. Si mumoja ao wawili. Yote, mustari kwa mustari, mpaka yule mudogo wa mbele mwenye hajui bado kulia na kushoto, aliinua yote miwili. Mimi, Madame. Mimi, Madame. Fishi ilikuwa juu ya meza na ndege zake na mvua yake, sikuweza kuiangalia. Sikujua kitu kinachofuata. Hakuna mutu alishanifundisha kitu kinachofuata.

Nikawaambia washushe mikono, wafunge macho. Na mimi nilifunga.

"Saa hii," nikauliza. "Hapa. Tunasikia nini?"

Niliacha nafasi. Ndefu, sikuihesabu. Kule nje, upande wa ukuta, ikalia mara mbili, vile inaliaga kila siku kwa wenye kuchelewa.

"Firimbi ya Papa Disipline, Madame," mutoto mumoja akasema.

Nilifungua macho, nikachukua chaki, nikaandika kwa ubao: firimbi.